Mshumaa Mlangoni kwa Ermelinda

Mimi na Aquelina tumekaa bega kwa bega kwenye lango la makaburi ya Santa Cruz tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Mimi nauza maua ya kumwaga juu ya makaburi, yeye anauza mishumaa, na hatujawahi kununiana hadi jua likazama. Sifa hiyo si yangu. Mdomo wangu hufika kabla yangu, hapa mjini Dili hakuna asiyejua. Ni yeye tu ambaye hajui kununa.

Mishumaa yake haitoki dukani. Watu wakishaondoka, yeye huingia makaburini na kisu butu na ndoo, akabandua nta iliyomwagikia kwenye saruji, akaenda kuiyeyusha kwenye sufuria kuukuu nyuma ya nyumba yake, akaimimina ndani ya vipande vya mwanzi. Nilikuwa nikimtania, "Wewe unawauzia wafiwa machozi yao ya mwaka jana." Naye hujibu bila hata kuinua kichwa, "Na wewe unawauzia maua uliyochuma uani kwa jirani. Tutakutana toharani, Balbina."

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Natalino, sisi tukimwita Lino. Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Novemba, mwaka wa tisini na moja, Lino na wenzake walitoka misani kwenye kanisa la Motael wakaandamana mpaka hapa makaburini, na hapa ndipo askari wa Indonesia walipowamiminia risasi. Waliokufa walitupwa kwenye malori. Wengine walipakiwa wakiwa hai. Malori yakaondoka, na watoto wa watu wengi mpaka leo hawajulikani walikofukiwa. Lino hakurudi na uhai wake, wala maiti yake haikurudi.

Kwetu sisi mtu akifiwa huvaa nyeusi mwaka mzima. Mwaka ukitimia tunachinja, tunapika, tunacheza, mfiwa anavuliwa ile nyeusi mbele za watu na kuvaa rangi, na hapo matanga yameanuliwa. Sasa niambie, utavuaje nyeusi ya mtu ambaye hukumzika? Aquelina alivaa nyeusi. Indonesia wakaondoka, nchi ikapata bendera yake, watoto waliokuwa wakinyonya siku ile wakaoa, na yeye yumo tu ndani ya gauni lile lile, limefuliwa mpaka limegeuka kahawia.

Ndipo mkulima mmoja nje ya mji akawa anachimba shimo la choo, akakuta mifupa ya watu kadhaa. Tulikwenda, nani angebaki nyumbani. Akina mama wote walikuwa wamesimama kando ya shimo, na Aquelina akapita katikati yao moja kwa moja akachutama. Aliona rozari. Alikuwa ameitengeneza yeye mwenyewe kwa zile mbegu ngumu za kijivu zinazoota mtoni, na mbegu moja ilipopungua alifunga kifungo chekundu cha sweta yake. Lino hakuivua shingoni hata akioga. Ilikuwa palepale, kwenye mifupa ya shingo, na kifungo kimepauka tu kidogo.

Kijana mmoja wa serikali akamwambia, "Mama, subiri kwanza madaktari waipime."

"Daktari anakijua kifungo changu?" Aquelina akamuuliza.

Kwetu mama akimtambua mwanawe, hakuna cheo kinachopanda juu ya hapo. Wakamwachia. Tuliiosha ile mifupa mimi na yeye, kwa maji niliyotia maua yangu mazuri, padri akazika, na mwaka uliofuata tukamvua nyeusi. Alivaa blauzi ya manjano yenye maua makubwa, mbaya mno, nami nilimwambia ni mbaya. Nilicheza usiku ule mpaka goti likanisaliti. Rozari akaivaa yeye.

Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na mahali pa kwenda. Kabla ya kupanga mishumaa mezani alipitia kaburini, mstari wa tatu, lile lenye vigae vya buluu, akalifagia huku akiligombeza. "Mvua imekunyeshea usiku kucha na wewe umelala tu. Huoni aibu, watu wameshakwenda kazini." Nilikuwa nikimsikia nikicheka. Mama aliyenyimwa kumgombeza mwanawe alikuwa analipiza.

Sasa nitamtaja Ermelinda, ingawa mtaani kwetu hatajwi. Anakaa nyumba ya kona, karibu na bomba la maji. Naye alikuwa na mwana, Januário, rika moja na Lino. Huyo alikuwa kibaraka wa askari. Si uvumi, vijana walilala kituoni wakipigwa kwa sababu ya ulimi wake. Siku ile alikwenda kwenye maandamano kuzikariri sura za watu, na risasi haiulizi wewe ni wa nani. Naye hakurudi.

Kila mwaka, jioni ya tarehe hiyo, kila nyumba huwasha mishumaa kizingitini, barabara yote ikang'aa. Kwa Ermelinda ni giza. Mwaka wa kwanza baada ya askari kuondoka aliwasha mmoja. Mtu akaupiga teke mpaka mtaroni. Ermelinda akatoka na ufagio, akafagia nta, akafunga mlango, na hakurudia tena. Nyeusi hakuvaa hata siku moja. Msaliti analiliwa hadharani? Mtaa mzima uliona ndivyo ilivyopasa, na mimi nikiwa mstari wa mbele.

Mwaka huu, siku chache kabla ya kumbukumbu, akaja Abrão. Alikuwa rafiki wa Lino, alipigwa risasi ya paja siku ile, akatoroshwa, na sasa anaishi Uingereza ambako anakatakata kuku kiwandani. Hakuwa amerudi hata mara moja tangu hapo. Alikuja langoni akichechemea, mnene, na jaketi lisilofaa kwa jua letu. Akainama akaubusu mkono wa Aquelina kama tulivyowafundisha watoto wetu. Alipoinua kichwa macho yake yakakwama shingoni mwake.

"Mama, rozari hiyo umeipata wapi?"

"Kwa mwenyewe."

"Kwa Lino? Lino alirudi?"

Aquelina akacheka. "Alirudi mifupa, baba. Yuko pale mstari wa tatu, nitakupeleka. Alikuwa ameivaa."

Abrão hakucheka. "Hakuwa ameivaa, Mama," akasema. "Alikuwa ameshaivua. Alimvisha Januário."

Nilikuwa na beseni la maua mapajani, likaanguka, nami sikuinama kuyaokota. Nilimtazama Aquelina na Aquelina alikuwa anamtazama Abrão kwa adabu tu, kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni.

"Sema vizuri," akamwambia.

Abrão akakaa juu ya kreti langu na kusema. Walikuwa wamejibana nyuma ya kikanisa, kule ndani ya makaburi, yeye na paja lake, Lino mzima. Januário alikuwa chini, hatua chache kutoka kwao, tumbo limepasuka.

"Nilimwambia Lino, mwache huyo. Huyo ni mbwa wao, alinichongea mimi nikalala kituoni. Lino akasema, 'Najua.' Nikamwambia, sasa unakwenda wapi? Akasema, 'Anamwita mama yake, Abrão. Humsikii?' Akatambaa. Akavua rozari akamvisha, akamshika kichwa, akawa anasali naye mpaka yule mwingine akanyamaza. Ndipo askari wakafika, mimi hawakuniona nyuma ya kikanisa. Januário wakamrusha kwenye lori la maiti."

"Na Lino?" akauliza Aquelina.

"Lori jingine. Mikono kichwani." Abrão alikuwa analia sasa, mtu mzima yule. "Alikuwa hai, Mama. Mara ya mwisho kumwona alikuwa hai. Nilidhani mnajua. Nilidhani kila mtu anajua."

Akaja mteja, mwanamke mwenye haraka, akataka mishumaa. Aquelina akachagua iliyonyooka, akaifunga kwenye gazeti, akamtakia amani. Halafu akasema, "Balbina, niangalizie meza," akainuka kuelekea mstari wa tatu. Nani wa kuangalia meza? Nilimfuata mbio.

Alisimama mbele ya vigae vya buluu na ufagio mkononi. Hakufagia. Alifungua mdomo mara mbili tatu akakosa la kuita.

"Miaka yote hii," akasema hatimaye, "nagombeza mtoto wa watu."

Fikiria, mikono yangu hii iliosha mifupa ya Januário. Maua yangu mazuri. Nilihisi nimenajisika, nasema ukweli, nilikwenda bombani nikajisugua mpaka viwiko. Na nilipokuwa najisugua ndipo likanijia lile kubwa zaidi: Lino hana kaburi. Hajawahi kuwa nalo. Tulicheza ngoma bure.

Jioni nilikwenda kwake. Alikuwa jikoni anachemsha mahindi na maharage, anakoroga na kukoroga. Nilikaa nikasema niliyokwenda kusema.

"Abrão anarudi Uingereza wiki ijayo. Nimeshaongea naye, atafunga mdomo. Tunaojua ni sisi watatu tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na Lino anajua," akasema.

"Lino hakudai kitu. Mwenzangu, nisikilize. Ukimwambia yule mwanamke, atalitaka kaburi. Ni haki yake, atalitaka. Wewe utabaki na nini?"

"Nitabaki kama nilivyokuwa."

"Umesahau ulivyokuwa. Mimi sijasahau. Ulikuwa unawasimamisha askari barabarani na picha ya mtoto mkononi, wanakusukuma, unasimamisha wengine. Utarudi huko ukiwa bibi mzee? Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mama wa yule nyoka?"

Akaacha kukoroga. "Niliuliza kila mtu, Balbina. Niliuliza askari, niliuliza padri, niliuliza mpaka wendawazimu wa sokoni: mmemwona mwanangu? Sasa kuna mtu mwingine anauliza swali lile lile, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Na jibu ninalo mimi."

"Kwa hiyo umemsamehe Januário. Haya, hongera, tukuchongee sanamu kanisani."

"Sijasema nimemsamehe," akanijibu, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona amekasirika. "Usinitie maneno kinywani. Nasema mama yake hajui alipolala. Basi. Kula mahindi au nenda nyumbani."

Nilikwenda nyumbani. Nilikuwa na hasira mpaka meno yakaniuma. Ndiyo, sote tunakwenda kanisani, ndiyo, tumefundishwa. Lakini kuna kufundishwa na kuna kumwona rafiki yako anainua mikono yake miwili kumkabidhi mtu mwingine kaburi la mwanawe.

Asubuhi ya kumbukumbu Aquelina alikuja misani amevaa lile gauni lililogeuka kahawia. Kanisa zima liligeuka. Watu wakaanza kuniminya kiuno: nani amemfia? Nikawaambia watazame altare. Ermelinda alikuwa benchi la mwisho kama kawaida yake, pembeni ya mlango, na gauni lake la kijani. Kila mwaka hutoka kabla watu hawajaanza kutaja majina ya wafu wao, na mwaka huu akatoka vilevile. Tulipofika kwenye sala ya Baba Yetu nilimsikiliza Aquelina, maana nilikuwa karibu naye. Alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, sauti ilikatika. Aliyaruka maneno hayo, akatukuta mbele. Nilishangaa kuliko siku zote. Nilidhani yeye ameshafika huko, na mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Jioni, mishumaa ilipoanza kuwashwa barabarani, alinipitia. "Twende."

"Mimi siendi kwa mtu."

"Chukua na maua yaliyobaki," akasema, akatangulia. Nikayachukua, huku namtukana njia nzima.

Ermelinda alifungua mlango nusu. Nyuma yake hakuna taa. Alitutazama, hasa lile gauni, na hakusema karibu.

"Mna shida gani?"

"Nimekuletea habari za Januário," Aquelina akasema.

Jina lile lilikuwa halijatamkwa mlangoni pale kwa heshima tangu vijana hao wakiwa hai. Ermelinda akaushika ubao wa mlango. "Hata leo? Hata leo mmekuja kunitukana?"

"Amelala Santa Cruz. Mstari wa tatu, vigae vya buluu."

"Hilo ni kaburi la mwanao."

"Tulikosea. Niliona rozari, sikutaka kungoja mtu apime. Aliye mle ni wako. Nilimwosha mimi mwenyewe, na huyu Balbina. Padri alimwombea. Hakuzikwa vibaya, Ermelinda. Alizikwa vizuri sana."

Akamweleza yote, pole pole, hakuficha hata lile neno la mbwa. Ermelinda alisikiliza akiwa wima mpaka habari ilipofika pale ambapo kijana yule alikuwa anaita. Hapo akakaa kizingitini.

"Aliniita mimi?"

"Alikuita wewe."

"Mimi niliambiwa alikufa akiwatukana watu. Niliambiwa walimtemea mate." Alikuwa anasema na ardhi. "Na nani alikuwa naye?"

"Lino."

"Lino alijua mwanangu amefanya nini?"

"Alijua."

Ermelinda akajifunika uso kwa kanga yake. Mimi nimesimama na beseni langu. Niliwaza yule mtoto aliyekuwa akija kunidokolea ndizi, anatambaa kuelekea kwa mtu wa namna ile, risasi zinalia juu ya kichwa chake. Hatukumfundisha hivyo. Tulimfundisha sala tu.

Aquelina akaivua rozari, akamwekea Ermelinda mapajani. "Alikufa nayo. Ni yako."

Ermelinda akaipapasa mbegu kwa mbegu mpaka akakuta kifungo. Akainuka kwa shida, akamvisha Aquelina tena shingoni, akainyoosha vizuri juu ya gauni.

"Mwanangu aliazimwa tu," akasema. "Lino akija, atavikuta vitu vyake kwa nani?"

Ndipo Aquelina alipolia. Tangu siku ya Abrão hakuwa ametoa hata chozi, na sasa alilia kwa sauti, mdomo wazi, pale pale barabarani, mishumaa ya watu inawaka huku na huku na majirani wanachungulia. Ermelinda akamshika. Hakuna aliyesema pole, maana nani angempa nani?

Alipotulia akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha kitambaa cheusi na pini, kile tunachobandika kifuani tukifiwa. Akambandika Ermelinda juu ya lile gauni la kijani.

"Watu watasema," Ermelinda akasema.

"Waache waseme. Vaa mwaka mmoja. Mwakani tutapika, tutakuvua, utakuwa umemaliza."

"Na wewe?"

"Mimi hili nimelizoea," Aquelina akasema, akivuta mikono ya lile gauni.

Akawasha mshumaa mmoja wa nta yake, akausimika kizingitini, wakaingia ndani wawili hao kuchemsha kahawa. Mimi sikuingia. Nilimwaga maua yangu kuuzunguka mshumaa, yote mpaka beseni likabaki tupu, kisha nikaligeuza nikalikalia. Najua watu wa mtaa huu, maana mimi ni mmoja wao.

Haikuchukua muda wakapita vijana kutoka makaburini, fulana zao zimepakwa rangi nyekundu kama damu ya siku ile. Mmoja akasimama, akautazama mlango, akautazama mshumaa, mguu wake umeshaanza kuinuka.

"Bibi Balbina, mshumaa huu wa nani?"

"Wa Januário," nikamwambia. "Una neno?"

Akaushusha mguu, akasema hana neno, akapita.